Zana za hesabu sekondari: anza na kosa la mwanafunzi, manila baadaye

Walimu wenzangu wa hesabu, mlioko Tanga mjini, Muheza, Pangani, Mkinga mpaka kule juu Lushoto, na yeyote anayeingia darasani na chaki mbili na watoto sabini, naomba tuongee kuhusu zana. Nitasema moja kwa moja. Zana nyingi tunazotengeneza zinapendeza lakini hazimfundishi mtu. Ingia madarasa mengi utakuta manila ukutani, kanuni ya Pythagoras imeandikwa kwa makapeni nyekundu, pembeni imezungushiwa maua, ipo pale tangu mwezi wa kwanza, na mtoto anayekaa chini yake kabisa ukimpa pembetatu mraba yenye pande fupi 6 na 8 ukamuuliza upande mrefu, anakujumlishia anakupa 14.

Ile manila kila kitu kimeshamalizwa. Kanuni ipo, mfano upo, jibu lipo, mtoto hana cha kufanya zaidi ya kunakili. Zana inayofundisha ni ile inayomlazimisha mtoto aamue kitu kabla wewe hujafungua mdomo, alafu vitu vyenyewe vilivyo mezani vimwambie kama kaamua sawa au la. Kila nitakachoeleza hapa kinatoka kwenye hilo, na kama utakuja na zana yako nyingine kabisa ipime kwa swali hilo hilo, mtoto anaamua nini hapa na nani anamwambia kakosea, mimi au kadi.

Na hili jambo linauma kwasababu matokeo ya kidato cha nne tunayajua wote, zaidi ya nusu ya watahiniwa wanapata F ya hesabu mwaka baada ya mwaka. Watoto hawa hawa jioni wanauza mihogo na chenji hawakosei. Kwahiyo akili ipo, sisi ndio tuitafute njia ya kuifikia.

Daftari la makosa

Kabla hujaenda steshenari kununua chochote, chukua madaftari ya jaribio la mwisho. Maksi achana nazo, soma majibu mabaya tu. Utashangaa, makosa sio mia, ni machache yanajirudia mtoto hadi mtoto. Utakuta 1/2 + 1/3 = 2/5. Utakuta (a + b)² = a² + b². Utakuta −3 − 5 = 8 kwasababu "hasi na hasi ni chanya". Utakuta 0.35 ni kubwa kuliko 0.4 kwasababu 35 inaizidi 4. Yaandike kwenye daftari lako, na pembeni ya kila kosa andika wazo unalodhani limelizaa, maana hakuna hata moja hapo ambalo mtoto kakurupuka, kila moja ni kanuni iliyofanya kazi mahali fulani akaibeba akaipeleka isipofanya kazi.

Alafu jiulize, nikimpa kitu gani mkononi kitamkatalia hili jibu?

Tuchukue hiyo 2/5. Kata vipande vya karatasi ngumu, kila kimoja sentimita 30. Kwanini 30, kwasababu inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 5 na kwa 6 bila kubakisha. Kimoja wakikunje nusu, kingine theluthi, kingine wakigawe mara tano. Nusu inatoka sm 15, theluthi sm 10, ukiziunganisha unapata 25. Sasa waambie wakate ile 2/5 yao waiweke pembeni. Inatoka sm 12. Hapo usiseme kitu, kaa kimya kabisa, maana mtoto mwenyewe anaona ameanza na kumi na tano, ameongeza, amepata kumi na mbili. Wapo watakaopima tena wakidhani rula imewadanganya, waache wapime. Hiyo 25 kati ya 30 wakiiangalia vizuri ni 5/6, na sasa unayo sababu ya kuongelea asili inayofanana, kwasababu wao ndio wameulizia.

Hiyo zana imekugharimu karatasi tatu kwa kila kundi na mkasi mmoja.

Kamba ya katani

Sisi wa Tanga kamba ya katani hatuitafuti mbali, na kiukweli nikiambiwa nibaki na zana moja tu ningebaki na hii. Chukua kamba nyembamba ya mita sita hivi, ifunge ukutani kutoka dirisha hadi dirisha usawa wa kifua, tafuta vibanio vya nguo na kadi ndogo. Kadi zikunjwe katikati ili zikae kwenye kamba kama nguo zilizoanikwa. Weka 0 na 1 wewe, basi, kadi nyingine zote wanaweka wao.

Siri iko kwenye namba unazochagua. Ukiandika 1, 2, 3, 4 hakuna cha kubishania. Chagua zinazogusa yale makosa ya daftarini. Mfano kwa kidato cha kwanza napenda mfululizo huu: 1/3, 0.35, 3/8, 0.4, alafu −1/2 na −2. Hizo nne za mwanzo zimebanana sana, kati ya 1/3 na 0.4 hakuna nafasi, na hapo ndipo kelele nzuri zinapoanza:

"Hiyo 0.4 isogeze nyuma, 35 ni kubwa."

"Kubwa wapi we, 0.4 si ni 0.40? Arobaini na thelathini na tano ipi kubwa?"

"Madam, eti ni kweli?"

Na Madam anajibu, "Mwenzako kasema 0.40, kwani wewe unaipingaje?" Hilo tu. Ukimpa jibu hapo zana imekufa.

Kamba hiyo hiyo kidato cha pili inabeba √2, √3, 1.5, √5. Kidato cha nne inabeba sin 30°, sin 60°, cos 60°, tan 45°, na wanagundua wenyewe kwamba sin 60° sio mara mbili ya sin 30°, kosa ambalo unaweza ukalikemea ubaoni mwaka mzima lisitoke. Kadi zikishapangwa waulize pia kuhusu nafasi, sio mpangilio tu, yaani je 1/3 imekaa mbali na 0 kwa kiasi sahihi au imewekwa popote. Umbali unapimika, kama kati ya 0 na 1 umeacha mita 1.2, basi 1/3 ikae sm 40 kamili na 3/8 ikae sm 45.

Ukimaliza fungua kamba, ipige mafundo kumi na tatu yenye nafasi sawa, upate nafasi kumi na mbili. Toka nao nje. Tatu, nne, tano, watoto watatu wanashika pembe, kamba inakazwa, pembe mraba inatokea yenyewe. Kila mtoto mwenye mjomba fundi ujenzi ameshaona msingi wa nyumba ukipimwa hivyo, cha msingi ni kumuuliza je nikifanya 4, 4, 4? Je 5, 5, 2? Pembe mraba inatoka? Wajaribu. Angalizo tu, kamba isilowe, katani ikipata maji urefu unacheza na vipimo vyako vinaharibika.

Dhumna

Barazani huku pwani dhumna inachezwa hadi usiku, watoto wameikuta inachezwa na babu zao, kwahiyo sheria huna haja ya kuzifundisha. Seti ina vipande 28 na namba saba kuanzia mtupu mpaka sita, na kila namba inatokea kwenye nusu nane. Hii ni faida kubwa kwa mtengenezaji: chagua thamani saba, kila moja iandike kwa namna nane tofauti, ziingize kwenye vipande badala ya vidoti, umepata mchezo kamili usiohitaji sheria mpya.

Kwa logarithimu, ambazo kidato cha pili wanaziogopa bila sababu, thamani zangu saba ni −2, −1, 0, 1/2, 1, 2 na 3. Tuichukue 2 peke yake, namna zake nane zinaweza kuwa: 2, log 100, log₂ 4, log₃ 9, log₅ 25, 2 log 10, log 4 + log 25, na log₂ 12 − log₂ 3. Unaona hizo mbili za mwisho zinamlazimisha atumie kanuni ya kuzidisha na ya kugawanya, na yule anayeamini log 4 + log 25 ni log 29 atakwama, hatapata pa kuweka kipande chake na wenzake watamgomea. Usiweke ngumu zote lakini, katika kila nane weka tatu rahisi ili hata mnyonge apate cha kushusha.

Wanafunzi wa mbele wakishazoea wape vipande vitupu wajitengenezee seti ya sura inayofuata. Kutunga namna nane za kuandika thamani moja ni kazi ngumu kuliko kucheza, na ndiyo inayofundisha zaidi. Seti tatu nzuri nilizowahi kuziona kwa macho yangu zimetungwa na watoto.

Sheria moja ya kuongeza: anayeshusha kipande aseme kwa sauti kwanini kinaingia. Bila hiyo wanakuwa wanabahatisha na kuangalia uso wa mwenzao.

Vigae vya mlinganyo

Hapa nitakaa kidogo kwasababu milinganyo ya kwadratiki ndiyo inayowafukuza wengi, na zana yake ni rahisi mno tena ina umri wa miaka zaidi ya elfu moja. Al-Khwarizmi, yule mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, alipoeleza namna ya kutatua x² + 10x = 39 hakuishia kwenye maneno, alichora mraba na mistatili. Kile tunachokiita kukamilisha mraba, tunachokikaririsha watoto "gawa kwa mbili, pandisha kipeo cha pili, ongeza pande zote", kwake yeye ulikuwa ni mraba kweli wenye kona iliyokosekana.

Tafuta maboksi, ya sabuni au ya biskuti, dukani wanakupa bure. Kwa kila kundi kata mraba mkubwa mmoja wa sm 7 kwa 7, huyo ni x². Kata fito kumi za sm 7 kwa 2, kila moja ni x. Kata vidogo ishirini na tano vya sm 2 kwa 2, kila kimoja ni 1. Hizo namba 7 na 2 nimezichagua makusudi. Ukiweka urefu wa x uwe sm 6 au 8, mtoto mjanja atapanga vidogo pembeni ya ufito, ataona vinaingia vitatu au vinne, atakwambia x ni 3, na somo limeisha hapo. Kwa 7 na 2 vinagoma kuenea, kwahiyo anakubali kwamba x hatuijui bado.

Anza na kosa kwanza. Waambie wajenge (x + 3)², yaani mraba ambao kila upande una x na vidogo vitatu. Yule wa (a + b)² = a² + b² ataweka mraba mkubwa na vidogo tisa kwenye kona, na katikati kuna mashimo mawili. Yanajazwa na nini? Fito sita. Sasa 6x imeonekana kwa macho na imeshikwa kwa mkono, na kuanzia siku hiyo akisahau unamwambia neno moja tu, "fito".

Ndipo mnakwenda x² + 6x = 16. Wape mraba mmoja na fito sita, waambie wapange ziwe mraba mmoja mkubwa. Watahangaika. Wengine wataweka fito zote upande mmoja watapata mstatili mrefu, waache, wataona wenyewe kwamba lazima zigawanywe tatu huku tatu kule. Wakizigawa, kona inabaki wazi, na kona hiyo inataka vidogo tisa. Tukiongeza tisa upande huu lazima tuongeze tisa na kule, 16 inakuwa 25. Mraba wenye eneo 25 una upande 5, upande wenyewe ni x + 3, basi x ni 2. Fanyeni na x² + 4x = 21, alafu mmalizie na ile ya Baghdad, x² + 10x = 39, ambayo kona yake inakula vidogo vyote ishirini na tano, 39 inakuwa 64, x + 5 ni 8, x ni 3.

Kuna mtoto atauliza, na asipouliza muulize wewe, mbona −5 nayo ukiizidisha yenyewe unapata 25? Kwenye ile ya kwanza x inakuwa −8 pia. Al-Khwarizmi majibu hasi hakuyahesabu kwasababu mraba wa kukata na mkasi hauna upande hasi. Hapo mnajadili lini jibu hasi linakubalika na lini halikubaliki, na mtihani wa taifa unataka wajue yote mawili.

Alafu siku nyingine wape x² + 5x. Fito tano zinagawanyikaje huku na kule? Utasikia "tukate mmoja katikati", na wakishakata wamepata ile 5/2 yote pamoja na 25/4 ya kona bila wewe kuandika kitu ubaoni. Kona inajengwa na vidogo vinne vizima, nusu nne na robo moja, jumla 6.25. Hii ya robo wasiporuhusiwa kuikata kwa mkasi hawaiamini.

Vigae vina mwisho wake, nisiwafiche. Ukija kwenye x² − 6x vinaanza kukera, unageuza nyuma unapaka rangi nyekundu kuonyesha hasi na watoto wanachanganyikiwa zaidi. Mimi ushauri wangu hapo viacheni, wameshaelewa wazo, endeleeni kwa kalamu. Na namba hasi zenyewe ni kazi ya kamba.

Tokeni nje

Tanga ina zana za bure ambazo zimelala tu. Baiskeli, kwanza, mji wetu huu wa baiskeli hakuna shule isiyo nazo kumi zimeegeshwa. Weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma mzunguko mmoja, pima. Gurudumu la inchi 28 lina kipenyo cha karibu sm 71 na linatembea karibu mita 2.2. Kila kundi lipime kitu chake, kingine kifuniko cha ndoo, kingine sufuria, kingine sinia la biashara ya mama yake mtu, wajaze jedwali la kipenyo na mzingo, wagawanye. Zote zinaangukia 3 na kitu. Mtoto aliyeona sinia na gurudumu vinatoa namba moja hatakuuliza tena π imetoka wapi.

Kwa trigonometria tengenezeni kipima pembe. Protrekta, mrija wa soda umebandikwa kwenye upande ulionyooka, uzi umefungwa katikati ya protrekta na mwisho wake nati au kijiwe. Unachungulia kilele cha mnazi kupitia mrija, mwenzako anasoma uzi umekata wapi. Wengi wanakosea hapa: namba ya uzi sio pembe ya mwinuko, pembe ya mwinuko ni 90 toa hiyo namba. Uzi ukisoma 50°, mwinuko ni 40°. Ukiwa umesimama mita 15 kutoka shinani unapata 15 × tan 40°, kama mita 12.6, ongeza urefu wa macho yako tuseme 1.5, mnazi ni mita 14.1. Makundi mawili yapime mnazi mmoja kutoka umbali tofauti. Wakipishana sana waachie wao watafute nani kakosea na wapi.

Wale wa kidato cha tatu kwenye mfuatano, mnayo bahari. Watoto wa Sahare na Mwambani wanajua maji yanachelewa kila siku, ila hawajaambiwa kwamba hiyo ni hesabu ya darasani. Maji kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwahiyo kila siku yanasogea mbele karibu dakika 50. Tengeneza kadi zenye saa za kujaa kwa siku saba, ondoa kadi mbili za katikati, wazitafute. Kisha swali lenyewe: baada ya siku ngapi maji yatajaa tena saa ile ile ya leo? Saa 12 na dakika 25 ni dakika 745, gawa kwa 50 ni 14.9, nusu ya mwezi mwandamo, na mtoto wa mvuvi ataruka atakwambia bamvua (maji makubwa) mpaka bamvua. Wakitaka ushahidi wakaulize wavuvi pale Deep Sea, wakiandika saa halisi kwa wiki moja wataona tofauti haiwi 50 kamili kila siku, siku nyingine inapungua siku nyingine inazidi, na hapo mmeingia kwenye wastani bila kubadilisha somo.

Dunia kama tufe ndiyo kabisa. Tanga ipo kwenye 5°04′ Kusini na 39°06′ Mashariki, Unguja mjini ipo 6°10′ Kusini na 39°12′ Mashariki, yaani zimekaa karibu kwenye longitudo moja. Tofauti ya latitudo ni 1°06′, dakika 66, na dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, kwahiyo maili 66 za bahari, ukitumia nusukipenyo cha 6370 unapata kama kilomita 122. Watoto waliovuka kwenda Unguja wanaujua huo mwendo. Zana ni mpira mmoja wa miguu uliochoka, makapeni na uzi, uzi ukikazwa juu ya mpira ndio njia fupi.

Na mkonge usisahauliwe kwenye vipeo. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, Mjerumani aliyeleta zao hili huku kwetu, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kadi iandikwe hivyo kisha maswali: ni asilimia ngapi ilipona? Tuseme kila mwaka idadi inaongezeka mara mbili, baada ya miaka mingapi inapita milioni moja? Wakadirie kwanza kwa kichwa, waandike ukutani, ndipo wapige hesabu. 62 × 2¹⁴ ni 1,015,808. Karibu kila mtu anakadiria miaka mingi mno.

Darasa la watoto themanini

Najua mnachosema, hayo yote ni ya darasa la ishirini. Si kweli, ila lazima upange. Makundi ya wanne, sio wanane, maana kwenye wanane wanne wanatazama tu. Wanne wanne kwa themanini ni seti ishirini, na hutakata ishirini peke yako. Wakate wao kipindi kimoja cha jioni, wewe leta mfano mmoja wenye vipimo sahihi, na kukata vigae kwa vipimo ni somo la vipimo lenyewe. Kama maboksi hayatoshi, nusu ya darasa ifanye vigae nusu ifanye maswali ya daftari, kesho mnabadilishana.

Lugha nayo. Mtihani ni wa Kiingereza na hilo halibadiliki leo, lakini ubishi wa kamba ukiulazimisha uwe wa Kiingereza darasa linanyamaza kimya. Mimi nashauri maelekezo ya kadi yaandikwe lugha mbili, wabishane kwa Kiswahili, na mwisho kila kundi liandike sentensi mbili za Kiingereza za walichokubaliana. Hizo sentensi ukizikusanya mwaka mzima unapata nyenzo ya kurudilia isiyo na mfano.

Simu wanafunzi hawana shuleni, sawa, itumie wewe nyumbani. GeoGebra, programu ya kuchorea grafu na maumbo, ni ya bure, ukishaipakua inafanya kazi hata bila bando, chora grafu zako mle uone kama kweli zinakatana ulipotaka kabla hujazihamishia kwenye kadi. Vitabu vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) vipo kwenye maktaba mtandao yao, angalia mada kabla ya kutengeneza, hasa na huu mtaala mpya, usije ukatengeneza seti nzuri ya mada iliyohamishwa kidato kingine.

Chati kubwa, kama mhimili wa grafu, zichorwe kwenye kiroba cha salfeti kilichofunguliwa, manila kwa hewa yetu hii ya bahari inajikunja na kulegea. Kadi zivishwe selotepu pana pande zote mbili. Gundi ya uji wa ngano ni nafuu lakini mende wanaipenda, kwahiyo seti zilale kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, kila seti na bahasha yake, juu ya bahasha andika idadi ya vipande na kundi lihesabu kabla ya kurudisha. Kipande kimoja cha dhumna kikipotea seti nzima imekwisha.

Wiki mbili baada ya kutumia zana, bila kutangaza, rudisha swali lile lile la kwenye daftari la makosa, moja tu, dakika tano, karatasi bila majina. Hesabu wangapi bado wanaandika 2/5. Kama wamebaki wachache wakae na wewe na vile vipande vya sm 30. Kama wamebaki wengi, tazama tena namba ulizochagua, mara nyingi kasoro iko hapo, kuna jibu baya linalopita bila kukataliwa, na ukibadilisha kadi mbili tatu seti ile ile inafaa kwa darasa linalofuata.